Voldemort alirudije? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usiku wa makaburini

Ukurasa huu unashughulikia jambo moja tu katika vitabu vya Harry Potter: Voldemort, mchawi mwovu aliyepoteza mwili wake mwaka 1981, aliupataje tena mwaka 1995? Majibu yanafichua hadithi hadi mwisho wa kitabu cha 7, hivyo ambaye hajamaliza kusoma amalize kwanza. Pale ninapotoa maoni yangu badala ya kile alichoandika J.K. Rowling, nimesema wazi.

## Mambo ya msingi

1. Voldemort alifufuka?

Hapana, kwa sababu hakuwa amekufa. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na ukilishika vizuri, nusu ya maswali mengine hujijibu. Katika ulimwengu wa vitabu hivi hakuna uchawi unaomrudisha maiti. Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule ya uchawi ya Hogwarts na mchawi mwenye elimu kuliko wote, anamwambia Harry hivyo waziwazi.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1981, katika kijiji cha Godric's Hollow, Voldemort alimuua James Potter, kisha Lily, kisha akamgeuzia fimbo mtoto wao Harry, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Laana ya mauti ikamrudia mwenyewe. Mwili wake uliangamia, lakini roho haikuondoka duniani. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alibaki kitu duni kuliko hata mzimu. Alichohitaji baada ya hapo kilikuwa mwili wa kuikalia roho yake, wala si uhai.

2. Kwa nini hakufa siku ile?

Kwa sababu ya hokraksi. Hokraksi ni kitu ambamo mchawi ameficha kipande cha roho yake ili mwili ukiharibiwa, roho iendelee kufungwa hapa duniani. Roho hupasuka kwa kuua, ndiyo maana kila hokraksi ina mauaji nyuma yake. Voldemort alikusudia roho yake iwe vipande 7, yaani hokraksi 6 na kipande kilichobaki mwilini mwake. Alitumia shajara yake ya ujanani, pete ya ukoo wa mama yake, kidani cha Slytherin, kikombe cha Hufflepuff, taji la Ravenclaw (watatu hao ni kati ya waanzilishi wa Hogwarts) na, mwishoni, nyoka wake Nagini. Bila yeye kujua, kipande kingine kilijichomeka ndani ya Harry usiku ule wa 1981.

Hokraksi haimpi mtu mwili mpya. Kazi yake ni kumzuia asiondoke, basi. Mwili ni habari nyingine kabisa (tazama swali la 8).

3. Alikuwa wapi miaka yote hiyo?

Sehemu kubwa alijificha katika msitu nchini Albania. Hakuwa na mkono wa kushika fimbo, na karibu kila uganga ambao ungemsaidia ulihitaji fimbo. Uwezo pekee aliobaki nao ulikuwa kuingia katika miili ya wengine. Aliwapanda wanyama, hasa nyoka, lakini hawakudumu. Kila aliyepandwa naye maisha yake yalifupishwa.

4. Mbona wafuasi wake hawakumtafuta?

Wengi wa Wala Mauti, kama walivyojiita, walikimbilia kujiokoa. Walidai mahakamani kwamba walirogwa wakatenda bila hiari yao, wakarudi kwenye mali na vyeo vyao. Waliomtafuta kweli walikuwa wachache: Bellatrix Lestrange, mumewe, shemeji yake, na kijana Barty Crouch. Hao waliwatesa Frank na Alice Longbottom hadi wakapoteza akili, wakitaka kujua bwana wao yuko wapi, na wakafungwa katika gereza la Azkaban. Voldemort hakusahau. Aliporudi, hotuba yake ya kwanza makaburini ilikuwa ya kuwahesabia wenzake walivyomtupa.

## Majaribio ya kabla

5. Quirrell hakuwa tayari amempa mwili?

Alimpa nusu mwili. Mwaka 1991 Profesa Quirrell alitembea Hogwarts na uso wa Voldemort nyuma ya kichwa chake, chini ya kilemba. Ili kumtegemeza bwana wake alikunywa damu ya farasi wa pembe moja, damu inayomrefusha mtu maisha lakini ikayatia laana. Lengo lilikuwa Jiwe la Mwanafalsafa la Nicolas Flamel, ambalo lingetoa maji ya uzima na kumwezesha Voldemort kujitengenezea mwili wake mwenyewe.

Mpango ulivunjika Juni 1992. Quirrell alipomshika Harry, ngozi yake iliungua. Voldemort akamwacha hapo hapo, na mtumishi akafa. Kumbuka huko kuungua, kwa sababu ndiko kulikomfanya Voldemort aitake damu ya Harry miaka mitatu baadaye (swali la 11).

6. Na kijana wa kwenye shajara? Angefaulu wangekuwa Voldemort wawili?

Tom Riddle wa miaka 16 (ndilo jina la kuzaliwa la Voldemort) aliyehifadhiwa ndani ya shajara alikuwa akinyonya uhai wa mwanafunzi Ginny Weasley, na alikaribia kabisa kupata mwili wake. Harry aliichoma shajara kwa jino la basiliski, joka la chini ya shule, ikaisha. Kitabu hakisemi nini kingetokea kama angemaliza. Kwa maoni yangu, ndiyo, wangekuwa wawili, na wala wasingependana, kwa kuwa hakuna Voldemort ambaye angekubali kuwa wa pili.

## Usiku wa tarehe 24 Juni 1995

7. Kile kiumbe kama mtoto mchanga kilitoka wapi?

Mwaka 1994 Peter Pettigrew, anayeitwa Wormtail, alikimbilia Albania na kumpata bwana wake. Njiani alikutana na Bertha Jorkins, mfanyakazi wa wizara ya uchawi, akamvuta hadi kwa Voldemort. Bertha alitolewa siri mbili kwa nguvu: kwamba Hogwarts ingeandaa Mashindano ya Wachawi Watatu, na kwamba Barty Crouch kijana alikuwa hai, amefichwa nyumbani kwa baba yake. Kisha akauawa.

Kwa msaada wa Wormtail, Voldemort alijitengenezea kimwili cha muda kwa maapizo aliyoyabuni mwenyewe, damu ya farasi wa pembe moja na sumu ya Nagini. Kiumbe hicho kilikuwa na ukubwa wa mtoto aliyejikunyata, ngozi ya magamba na macho mekundu. Kilikuwa dhaifu mno, kililishwa na kubebwa, lakini kiliweza kushika fimbo. Hilo lilimtosha kusafiri na kupanga.

8. Ibada yenyewe ilikwendaje?

Katika makaburi ya Little Hangleton, Harry alifungwa kwenye jiwe la kaburi la Tom Riddle, baba yake Voldemort. Wormtail aliwasha moto chini ya chungu kikubwa cha mawe, akakitumbukiza kile kimwili ndani, kisha akaongeza vitu vitatu, kila kimoja na maneno yake.

Kwanza, mfupa wa baba, uliochukuliwa bila baba kujua. Kaburi lilipasuka, vumbi jembamba likapanda na kuangukia chunguni, na dawa ikageuka bluu ya sumu. Pili, nyama ya mtumishi, iliyotolewa kwa hiari: Wormtail alijikata mkono wa kulia, na dawa ikawa nyekundu kama moto. Tatu, damu ya adui, iliyochukuliwa kwa nguvu: Harry alichanjwa kwenye mkono wa kulia, na dawa ikawa nyeupe ya kuumiza macho. Mvuke ulipotanda, mtu mrefu mwembamba akasimama kutoka chunguni na kuagiza avishwe joho.

Voldemort anasema hii ni dawa ya kale, si uvumbuzi wake. Na anakiri jambo ambalo wengi hulipita: kwamba aliamua kuridhika kwanza na mwili wake wa zamani wenye kufa, akiuweka kando kwa muda ule uzima wa milele. Kwa mtu mwenye kiburi kama chake, hiyo ilikuwa hatua ya kushuka.

9. Kwa nini mfupa wa baba, na baba mwenyewe hakuwa mchawi?

Kwa kuwa masharti ya dawa ndivyo yalivyo. Mwana hujengwa upya kwa mfupa wa aliyemzaa. Uzito wake lakini uko kwenye historia. Tom Riddle baba alimtelekeza Merope Gaunt akiwa mjamzito. Merope alijifungua mtoto tarehe 31 Desemba 1926 katika kituo cha yatima London na akafa baada ya muda mfupi. Mwaka 1943 kijana huyo alimfuata baba yake Little Hangleton, akamuua pamoja na babu na bibi yake, na jina la baba akalitupa.

Maisha yake yote alihubiri damu safi ya kichawi. Siku alipohitaji kusimama tena kwa miguu yake, alilazimika kurudi kwenye kaburi la mtu aliyemkana na kumuua, akaombe mfupa. Naipenda sana sehemu hii ya hadithi. Tazama vitu vyote vitatu: baba, mtumishi, adui. Huyu ndiye aliyejivuna tangu utoto kwamba hahitaji mtu, na mwili wake mpya wote ulikuwa deni kwa watu watatu aliowadharau.

10. Wormtail alijikata mkono kwa hiari kweli?

Alikuwa akilia na kutetemeka, kwa hiyo swali ni la haki. Dawa haikuuliza kama mtumishi anafurahi. Ilitaka mkono wake aukate mwenyewe, na alifanya hivyo. Hofu ndiyo iliyomsukuma, lakini hofu ilikuwa ndiyo utumishi wake wote tangu alipowasaliti akina Potter.

Voldemort alimlipa mkono wa fedha wenye nguvu ajabu. Katika kitabu cha 7, kwenye chumba cha chini cha jumba la akina Malfoy, Harry alimkumbusha Wormtail kwamba aliwahi kumwokoa maisha. Wormtail akasita kidogo tu, na mkono ule wa fedha ukamnyonga mwenye nao.

11. Kwa nini damu ya Harry, si ya adui yeyote?

Adui yeyote angetosha. Mwanzoni mwa kitabu cha 4 Wormtail anamsihi bwana wake watumie mchawi mwingine, na Voldemort anakataa.

Sababu yake ni zindiko la Lily. Lily alipewa nafasi ya kusogea pembeni akaikataa, akafa mbele ya mwanawe, na kafara ile ikabaki katika damu ya mtoto. Ndiyo iliyomchoma Quirrell. Voldemort aliona kwamba akiinywesha damu hiyo katika mwili wake mpya, kinga itakuwa yake pia na hakuna tena kitakachomzuia kumgusa Harry. Dakika chache baada ya kutoka chunguni alinyoosha kidole, akamgusa Harry shavuni, na hakuungua. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa hatua moja tu mbele (swali la 14).

12. Si wangemteka tu Harry siku yoyote? Mashindano ya nini?

Nyumbani kwa mama yake mkubwa Harry alilindwa na uganga aliouweka Dumbledore. Kwenye Kombe la Dunia la Quidditch, mchezo wa wachawi, kulijaa wachawi wa serikali. Hogwarts alikuwa chini ya macho ya Dumbledore. Basi Barty Crouch kijana alijigeuza sura ya Profesa Moody, mwalimu wa Hogwarts, akaingiza jina la Harry kwenye Kikombe cha Moto kana kwamba linatoka shule ya nne, akamsaidia kisirisiri kila hatua, na mwishoni akaliroga kombe la ushindi limsafirishe atakayeligusa hadi makaburini.

Wasomaji huuliza mbona hakuroga kitabu au kalamu tu mwezi Septemba. Kitabu hakitoi jibu la moja kwa moja. Jibu ninaloliona na mantiki ni kwamba mashindano yale yaliwahi kuua watu, hivyo mshindani angepotea katika jaribio la tatu na wengi wangedhani ni ajali. Voldemort angepata muda wa kujipanga bila kutafutwa. Kilichoharibu ni Cedric Diggory kulishika kombe pamoja na Harry, kwa sababu Harry alitaka wagawane ushindi. Cedric aliuawa mara walipotua, na Harry alirudi na mwili wake ukiwa ushahidi.

13. Wale waliotoka kwenye fimbo ya Voldemort walifufuka?

Hapana. Fimbo mbili zenye manyoya ya ndege mmoja wa aina ya finiksi, Fawkes wa Dumbledore, zilikataa kupigana, na moja ikailazimisha nyingine kutapika maapizo yake ya nyuma. Walikuwa vivuli vya waliouawa, kuanzia Cedric, kisha Frank Bryce, mtunza bustani wa akina Riddle, Bertha, na wazazi wa Harry. Kama nakala yako inamtoa James kabla ya Lily, hujasoma vibaya. Matoleo ya mwanzo ya mwaka 2000 yalikuwa na kosa hilo, likasahihishwa baadaye, kwa kuwa Lily aliuawa wa mwisho na alipaswa kutoka wa kwanza.

## Baada ya kurudi

14. Kwa nini macho ya Dumbledore yaling'aa aliposikia habari ya damu?

Hili lilisubiriwa miaka 7, tangu kitabu cha 4 hadi cha 7 mwaka 2007. Dumbledore alielewa palepale kile ambacho Voldemort hakukiona. Zindiko la Lily lilikuwa ndani ya damu ya Harry, na sasa damu hiyo ilitembea katika mishipa ya Voldemort. Maadamu Voldemort anaishi, kafara ya Lily nayo inaishi, na Harry anabaki amefungwa kwenye uhai.

Ndiyo maana tarehe 2 Mei 1998, Voldemort alipompiga Harry laana ya mauti msituni, kilichokufa kilikuwa kipande cha roho ya Voldemort kilichokuwa ndani ya Harry. Harry mwenyewe alipewa hiari ya kurudi, akarudi. Kile Voldemort alichokipora chunguni ili kumuua mtoto wa Lily ndicho kilichomhifadhi hai. Na hakuweza kukitambua kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba mapenzi ya mama yana nguvu yoyote. Dumbledore alikuwa amelirudia hilo kwa miaka, na Voldemort alilidharau kila mara.

15. Kama kinga ilikuwa yake pia, mbona hakumfuata Harry nyumbani kwa mama yake mkubwa?

Ni zindiko jingine juu ya lile la kwanza. Dumbledore aliifunga nyumba ile kwa damu ya Petunia, dada wa Lily, na ilishika hadi Harry atimize miaka 17 au asipoiita tena nyumba yake. Kushiriki damu kulimpa Voldemort ruhusa ya kumgusa Harry, si ya kuvuka kizingiti hicho.

16. Serikali ilikataa kuamini kwa muda gani?

Takriban mwaka mzima. Waziri Cornelius Fudge alikanusha hadi Juni 1996, alipomwona Voldemort kwa macho yake ndani ya jengo la wizara.

## Maswali ya pembeni

17. Vipande vya hokraksi vilirudi ndani ya mwili mpya?

La. Vilibaki vilipofichwa. Mwili mpya ulibeba kile kipande kilichokuwa kikitangatanga Albania.

18. Nagini alifanywa hokraksi lini?

Dumbledore anakisia ilikuwa baada ya kifo cha Frank Bryce, Agosti 1994. Rowling alisema baadaye kwamba mauaji yaliyotumika ni ya Bertha Jorkins. Vyovyote iwavyo, ni kabla ya chungu.

19. Angeweza kurudi tena baada ya 1998?

Hapana. Hokraksi zote zilikwisha, ya mwisho ikiwa Nagini aliyekatwa kichwa na Neville Longbottom kwa upanga wa Gryffindor. Laana yake ilipomrudia kwa mara ya pili hapakuwa na kitu cha kuizuia roho. Kwa usomaji wangu, chungu, mfupa na damu bila roho iliyobaki duniani visingezaa chochote.

20. Wale maiti wa kwenye ziwa la pangoni katika kitabu cha 6 ni misukule?

Wanafanana kwa mbali tu. Msukule wa simulizi zetu ni mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe amechukuliwa akatumikishwe, na ndugu wanaweza kumrejesha. Inferi, yaani hao wa ziwani, ni maiti kweli, hawana roho wala akili, wanasukumwa na uchawi wa aliyewaamsha. Hakuna wa kumrejesha.

21. Kinga ya Voldemort inafanana na ya Fumo Liyongo?

Wasomaji wa pwani huuliza hili. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeijua siri hiyo na kuitumia alikuwa mwanawe mwenyewe. Udhaifu wake ulikuwa mwilini mwake. Wa Voldemort aliutoa nje ya mwili na kuutawanya, akidhani hivyo ameufuta. Lakini wote wawili waliangushwa na mtu waliyeshiriki naye damu.

22. Vitabu hivi vinafundisha uchawi? Mtoto wangu asome?

Dawa ya makaburini ni ya kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayeweza kuitengeneza. Sura zile lakini zinatisha, kuna kijana anauawa na mtu anajikata mkono. Mtoto wa miaka 8 ningesoma naye au ningengoja. Wa miaka 12 na kuendelea mwachie, kisha mzungumze kuhusu Cedric.

23. Kwenye filamu Voldemort anapukutika angani. Ndivyo ilivyo kitabuni?

Sivyo, na tofauti hii ni kubwa. Katika filamu ya 2011 anasambaratika kama majivu. Kitabuni anaanguka sakafuni kama mtu yeyote, maiti yake inabaki, na inahamishiwa chumba cha pembeni, mbali na waliokufa wakimpinga.

24. Nisome sura zipi nikitaka kisa hiki tu?

Kitabu cha 4, sura ya 1, kisha 32 hadi 36. Kitabu cha 6, sura ya 23 kuhusu hokraksi. Kitabu cha 7, sura ya 33 hadi 36. Ukiwa na muda, ongeza sura ya mwisho ya kitabu cha 1, ambapo Dumbledore anamweleza Harry kwa mara ya kwanza kwa nini Quirrell aliungua.